Kinachotoka kwa Mkono

“Sijasema springi zako hazifanyi kazi. Nasema zinatia aibu,” Seremala alisema, na chuma cha kulehemia kilikuwa tayari kinafuka moshi mkononi mwake. “Mtu mzima anakuja kuona mashine ya kisasa ya kutotolesha vifaranga, anafungua kifuniko, anakutana na kibanio cha nguo. Cha nguo, shemeji. Kile kile kinachoshika chupi zetu kambani.”

“Zako,” alisema Mama Springi. “Zangu naanika ndani.”

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango akichambua dengu, alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Mume wa Mama Springi, ambaye ni mdogo wake Seremala, hakukohoa wala hakucheka. Alikaa juu ya gunia la maranda akikagua kucha zake kana kwamba ndiyo kwanza zimeota.

Ugomvi ulikuwa umeanza asubuhi, kabla chai haijapoa, na hadi sasa ulikuwa umeizunguka karakana mara kadhaa bila kupata pa kukaa. Jambo lenyewe lilikuwa moja. Seremala alitaka bodi zote nne, vile vibao vya umeme vya mashine, zilehemiwe kabla mgeni wake hajafika, zishikamane na mashine zisitoke tena. Mama Springi alisema hailehemiwi hata moja. Basi. Mengine yote, chupi zikiwemo, yalikuwa mapambo.

Ilikuwa siku ya kuosha. Vifaranga walikwishachukuliwa na wenyewe, sakafu ilikuwa mbichi, na mashine zilisimama milango wazi zikingoja klorini. Trei za mayai mapya ya wateja zilikuwa chumba cha pembeni, kwenye ubaridi, zikingoja zamu. Mashine zenyewe zilikuwa makabati ya mbao, marefu kupita mtu, na kwa hayo hakuna aliyeweza kumnyima Seremala haki yake. Mlango wa kabati lake ukiufunga ulipumua pumzi moja tu, kisha hata uzi wa hewa haukupita. Fundi ni fundi, hata akiwa na ulimi wa msasa.

Kuyapa makabati hayo akili ilikuwa kazi ya Mama Springi. Kila moja lilikuwa na bodi yake ndogo, nusu ya biskuti kwa ukubwa, ambayo ndiyo iliyojua taa ya joto iwake lini, ipumzike lini, na trei zigeuzwe lini. Programu iliyokuwa ndani yake alikuwa ameiandika mwenyewe, akiirekebisha msimu baada ya msimu, kwa mayai ya kuku, ya bata na ya kanga, mpaka ikajua kazi kuliko mwangalizi yeyote wa kuajiriwa.

Ubaya wa bodi zile ni kwamba aliyezibuni alikuwa bahili wa nafasi. Matundu ya pembeni ya kuchomekea nyaya yalikuwa machache. Njia ambazo Mama Springi alizihitaji, kwa ajili ya vipima joto na betri ya akiba, zilikuwa tumboni mwa bodi, upande wa chini: madoa bapa ya kung'aa, kila moja kama punje ya mtama, hayana tundu, hayana pa kushika. Watu wote hulehemu hapo. Wanadondosha tone la risasi, ile madini laini ya kulehemia, ikiwa ya moto, wanazamisha waya, wanamwachia Mungu.

Hata yeye alilehemu, msimu wa kwanza. Lakini mashine ya mayai huoshwa, na ikioshwa bodi sharti itoke, na kila inapotoka waya unavutika. Siku moja doa likabanduka pamoja na waya wake kama gamba la kidonda. Doa likibanduka halirudi. Kipima joto kikanyamaza, taa ikazimika, na vifaranga wa bata wa mama mmoja jirani wakafia ndani ya maganda, wengine midomo imeshaanza kutoboa. Mama Springi aliyavunja mayai yale moja moja nyuma ya ukuta ili ajue walifia hatua gani, kisha akaingia jikoni akachukua ubao wake wa plastiki wa kukatia mboga na msumeno.

Kutoka kwenye ubao ule alikata vitako vya kulazia bodi. Katika kila kitako alitoboa vitundu pale pale ambapo doa lingeangukia, na ndani ya kila kitundu akapachika pini fupi yenye springi ndani yake, zile zinazopatikana kwenye vifaa vya zamani vya kuchajia simu za mezani zisizo na waya. Ukiilaza bodi juu ya kitako, pini zinabonyea kidogo na kukaza vichwa vyake kwenye madoa. Pembeni aliweka kingo za kuizuia isiteleze wala kuingia kinyume, na juu yake kibanio cha nguo chenye kipande cha mpira mdomoni, cha kuikandamiza. Hakuna moto, hakuna risasi. Siku ya kuosha unaminya kibanio, bodi inanyanyuka yenyewe kama mtoto aliyeitwa. Tangu hapo hakuna doa lililobanduka tena. Jina la Mama Springi lilitoka kwa Seremala, kwa dharau. Wateja wakalipokea kwa heshima, likakaa.

Sasa Seremala alikuwa anasema springi huchoka. Mama Springi akamjibu kwamba springi ikichoka anaibadilisha kwa vidole, lakini risasi ikichoka anaizika bodi. Seremala akasema mtu aliyesota chuoni mpaka akapata stashahada ya umeme asingerudi nyumbani na kibanio. Akajibiwa kwamba kibanio alikuja nacho siku ya harusi. Chuoni alifundishwa tu pa kukibania. Hapo mama mkwe alishindwa kukohoa, akacheka waziwazi, na dengu kadhaa zikamwagika.

Lakini Mama Springi mwenyewe hakucheka. Shemeji yake huyu, tangu mashine ya kwanza isimame, hakuwahi kuuliza habari ya bodi. Kwake yeye kabati lilikuwa mbao, bawaba na gundi. Yaliyobaki aliyaita vikolokolo vya shemeji. Leo vikolokolo vimemtoa jasho. Kwa nini leo?

Alikwenda kwenye meza ya Seremala kutafuta kitambaa na spiriti, maana siku ya kuosha pini hufutwa, ugomvi uwepo usiwepo. Akainua kitambaa. Chini yake kulikuwa na bodi mpya, ya aina ile ile, imelala chali. Nyaya zilikuwa zimelehemiwa kwenye madoa yake yote, matone makubwa makubwa ya risasi kama kinyesi cha mbuzi, na katikati ya ubao kulikuwa na baka jeusi la kuungua lenye harufu ambayo hakuna fundi wa umeme asiyeijua.

Hata mumewe aliacha kucha.

Mama Springi aliichukua bodi ile, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akafuata nyaya kwa ukucha. Haikumchukua muda. Akamwuliza Seremala kama alichora pini za kitako kwanza, kwa kutazama kutoka juu. Seremala akakiri kwamba alichora, na vizuri, kwa rula.

“Kisha ukaipindua bodi tumbo juu, ukalehemu kufuata mchoro.”

“Sasa ningelehemuje tumboni bila kuipindua?”

“Chukua shati lako, litazame kwa mbele, mfuko uko upande gani? Sasa ligeuze ulitazame kwa nyuma. Mfuko umehamia upande wa pili, shemeji. Umeipa umeme mahali ilipotakiwa kupewa ardhi. Imekufa kabla hujatoa mkono kwenye swichi.”

Seremala aliitazama bodi, kisha, bila kutaka, akatazama mfuko wa shati lake. Akasema alikuwa anajifunza tu.

“Anayejifunza huuliza,” Mama Springi alisema. “Anayejificha ana safari.”

Ni mama mkwe aliyeuliza swali lenyewe. Aliweka ungo wa dengu chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akamwita mwanawe mkubwa kwa jina lake la utotoni, lile ambalo mke wake tu na mama yake waliruhusiwa kulitumia, akamwuliza huyo mgeni anakuja kununua nini hasa. Asubuhi, kwa maneno ya Seremala, mgeni alikuwa mbia, mtu wa kuongeza nguvu. Kufikia saa hii, kwa kuulizwa polepole na mwanamke aliyemzaa, alikuwa mnunuzi. Anachukua mashine zote. Anachukua na wateja. Mama Springi atabaki, tena kwa heshima zote, kama msimamizi wa bwana huyo. Atavaa koti jeupe.

“Kaka aliniambia anauza makabati tu,” mumewe alisema, akiziambia kucha.

Mama Springi alimgeukia. Kwa hiyo na huyu alikuwa na lake la kujua. Alimtazama muda wa kutosha kumfahamisha kwamba watazungumza, kisha akamwachia, kwa kuwa moto mmoja unamtosha mpishi.

Sasa mambo yalikuwa yamekaa mahali pake, na lililobaki ni kanuni. Nyuma ya kiwanja kile kulikuwa na vyumba vya kupangisha, na baba mkwe, enzi za uhai wake, alikuwa amechoshwa na ugomvi wa wapangaji wanaohama. Huyu anataka kung'oa rafu, yule anadai bawaba, mwingine anaondoka na kitasa. Akaweka sheria ya maneno machache: kinachotoka kwa mkono ni chako, kinachotaka kifaa ni cha nyumba. Balbu, pazia, mkeka, chukua. Rafu ya skrubu, iache. Mpangaji mmoja aliwahi kuacha kioo kikubwa cha kujitazamia kwa sababu alikigongomea ukutani kwa misumari mwenyewe, akaondoka akilia, na hakuna aliyeingilia. Alipofariki mzee, ndugu walipogawana karakana, mama mkwe alitumia sheria hiyo hiyo. Mashine kubwa ya kuranda ilikuwa imefungwa sakafuni kwa bolti, ikabaki na karakana, yaani kwa Seremala. Randa za mkono, patasi na misumeno vikaenda kwa mdogo. Seremala siku hiyo aliisifu sana hekima ya baba yake.

“Kwa hiyo si aibu ya kibanio,” Mama Springi alisema. “Unataka risasi ili bodi ziwe za nyumba. Zikiwa za nyumba, unaziuza na kabati. Na mimi juu yake.”

“Biashara ni ya familia.”

“Na mimi ni nani, mpangaji?”

Seremala alisema mgeni yuko njiani, alisema watu wazima hawabishani mbele ya pesa ya mtu, alisema kazi yenyewe ni ya dakika chache tu, na safari hii hatalehemu kwa mchoro, atafuata alama za kitako. Akakiinua kile chuma, akaenda kwenye kabati la kwanza. Mama Springi hakumkimbilia. Alifika ukutani, akaushika waya wa kile chuma, akauchomoa kwenye soketi. Kisha akaenda akasimama kati ya shemeji yake na bodi, mikono kiunoni, kifua mbele ya ncha ya chuma ambacho bado kilikuwa na moto wa kutosha kumchoma mtu.

“Nipishe, shemeji.”

“Nilehemu mimi kwanza. Ukimaliza, ukinipata nimeshikamana, niuze pia.”

Mumewe alikwishasimama. Lakini aliyesema alikuwa mama mkwe, tena bila kupandisha sauti. “We mtoto, weka hicho chini.” Seremala ana mvi kidevuni, ila alikiweka.

Kisha mwanamke yule mzee alinyanyuka kwenye kigoda, akaja mpaka kwenye kabati. Alimwuliza mkwewe kama kile kidude kinatoka kwa mkono. Kinatoka. Bila bisibisi? Bila. Bila koleo? Bila chochote, mama. Akasema hataki maneno, aonyeshwe.

Mama Springi aliminya kibanio kwa vidole viwili. Bodi ikanyanyuka. Akaichukua kwa mkono wa pili, akaiweka kwenye kiganja cha mama mkwe. Kwenye kitako pini zilikuwa zimesimama wima tena, safi, kama meno ya mtoto.

Mama mkwe aliigeuza bodi ile tumbo juu. Madoa yote yalikuwa mahali pake, yanang'aa, hayana hata mkwaruzo. Aliipima uzito, ingawa haikuwa na uzito wa kupima. “Hiki ndicho kilichotuezekea nyumba bati jipya?” aliuliza. Akasema sheria ni sheria, na marehemu asingependa ipindwe kwa ajili ya mwanawe wala kwa ajili ya mkwewe. Kinachotoka kwa mkono ni chake aliyekiweka.

Seremala alifungua mdomo. Mama yake akamzuia kwa kidole, kwa sababu hakuwa amemaliza, naye akamgeukia Mama Springi na sauti laini zaidi. Alimwomba airudishe. Wasiaibishane mbele ya mtu wa nje. Mgeni aje, anywe maji, aambiwe asubiri. Jioni wakae wote wanne, wayamalize kifamilia. Mumewe akadaka hapo hapo, akasema jioni ni sawa, jioni vichwa vitakuwa vimepoa.

Maneno yalikuwa mazuri. Mama Springi aliyasikiliza yote, bodi ikiwa imerudi kiganjani mwake. Kurudisha ilikuwa rahisi kama kutoa: unalaza, unabana, basi. Ndiyo sifa ya springi. Lakini alimtazama Seremala, akaona jinsi jicho lake lilivyoruka mara moja kwenye soketi, kisha likarudi. Risasi haingoji mkutano. Mtu anayeambiwa asubiri jioni, aghalabu jioni yenyewe wenzake wameshaipanga. Na vile vidoa vya mtama, vikishaonja moto wa mtu asiyejua, hakuna kikao cha wazee kitakachovirudisha.

“Mama, nakuheshimu,” alisema. “Lakini jioni nitakuwa mahali pengine.”

Akatoa kopo lake la chakula la bati kwenye mkoba, akatandika kile kitambaa ndani, akalaza bodi ya kwanza. Akaenda kabati la pili. Akaminya, akatoa. La tatu. Hakuharakisha, hakubamiza mlango. Kila kifuniko alikirudisha na kila mlango aliufunga kwa adabu, na makabati yakapumua moja baada ya jingine. Vitako vya plastiki hakuvigusa, maana alivikaza kwa skrubu mwenyewe. Alimwambia Seremala hivyo, kwamba vitako ni vya nyumba, springi na vibanio vyake vyote, na asije mtu kesho akasema ameiba. Ubao wa kukatia mboga haujaadimika dukani.

Seremala alisema atanunua bodi nyingine.

“Nunua. Zinauzwa wazi. Programu utaandika?”

“Nitatafuta mtu.”

“Mtafute. Na akija mwambie habari ya shati.”

La nne. Kibanio cha kabati hili kilikuwa kigumu kidogo, akakiminya kwa mikono miwili. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya karakana, kaka huku, mke kule, mikono inaning'inia kama nguo iliyosahaulika kambani. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, na yeye je.

“Wewe hujalehemiwa popote,” Mama Springi alisema, akafunga kopo.

Mama mkwe alirudi kwenye kigoda. Aliuvuta ungo wake, akaanza kuokota dengu zilizomwagika sakafuni. Mume wa Mama Springi alimtazama mama yake, akamtazama kaka yake ambaye naye alikuwa anatazama ukuta. Kisha akaingia chumba cha pembeni. Akatoka na trei za mayai, amezibeba kifuani moja juu ya nyingine, kidevu kikishikilia ya juu, anatembea kwa hatua fupi za mtu aliyebeba mali ya watu. Kaka yake akamwambia azirudishe. Mumewe akajibu, kwa shida kwa sababu ya kidevu, kwamba haya ni mayai ya wateja, wala hayana skrubu.

Nje jua lilikuwa kali. Mama Springi alikuwa amekwishampigia simu yule mama wa bata kabla hawajafika getini. Alimweleza bila kuzunguka: mayai yako salama, yatakaa siku mbili tatu kwenye ubaridi hapo kwako, hayataharibika, nahitaji chumba kisichopata upepo, na lile kabati lako la vyombo lisilo na kazi. Upande wa pili wa simu kulikuwa na maswali mengi, kisha kicheko, kisha neno moja la kukubali.

Getini gari la mizigo lilikuwa linaingia kinyumenyume. Bwana mmoja nadhifu akachungulia dirishani, akauliza kama hapa ndipo penye mashine za kutotolesha.

“Hapa hapa,” Mama Springi alisema. “Makabati yako ndani, manne. Ni kazi nzuri sana, hutapata seremala wa kumshinda yule. Yanafaa kwa nguo.”

Akamshikia mumewe geti mpaka trei zote zikapita, kisha akaweka kopo kwapani, wakashika njia ya kwa mama wa bata.